Umeme wa Jua kwenye Baridi ya Njombe na Makambako

Paneli ya sola hufanya kazi kwa mwanga. Joto hailihitaji, na likizidi huipunguzia nguvu. Jambo hilo ndilo linaloeleza vizuri hali ya umeme wa jua katika Mkoa wa Njombe, ambako si wachache wanaoamini kwamba nchi ya baridi, ukungu na asubuhi za kuvaa makoti haiwezi kuwa nchi ya sola. Mji wa Njombe uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Makambako, mji wa njia panda ambapo barabara ya Songea inachepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na ambapo reli ya TAZARA inapita, uko zaidi ya mita 1,600. Ni miji ya baridi kwa kipimo cha Tanzania, lakini baridi hiyo haiiibii paneli chochote.

Mchana wa jua kali, kila mita moja ya mraba ya ardhi inayolielekea jua hupokea nguvu ya wati 1,000 hivi. Sehemu kubwa ya Tanzania hupata kati ya kilowati-saa 4 na 7 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kilowati-saa moja ndiyo ile ile uniti moja inayonunuliwa kwenye LUKU. Kwa hiyo paa la kawaida la bati hupokea kila siku nishati nyingi kuliko mahitaji yote ya nyumba iliyo chini yake. Kazi ya paneli ni kuinasa sehemu ya nishati hiyo kabla haijageuka kuwa joto la bati na kupotea.

Kinachofanya kazi hiyo ni silikoni, elementi inayopatikana kwenye mchanga wa kawaida. Baada ya oksijeni, hakuna elementi nyingine iliyo nyingi kuliko silikoni katika gamba la dunia. Mchanga wenyewe haufai moja kwa moja. Huyeyushwa, husafishwa mara nyingi mpaka uchafu unakaribia kwisha kabisa, halafu hukuzwa kuwa fuwele moja kubwa ya mviringo kama gogo kwa njia iliyogunduliwa na mwanakemia wa Poland, Jan Czochralski, mwaka 1916. Fuwele hiyo hukatwa vipande vyembamba, vyenye unene usiofika hata robo ya milimita. Kila kipande kitakuwa seli moja.

Atomu ya silikoni ina elektroni nne katika tabaka lake la nje, na kila moja imeshikana na elektroni ya atomu jirani. Kwa kuwa elektroni zote zimefungwa namna hiyo, silikoni safi iliyo gizani karibu haipitishi umeme. Watengenezaji huichanganya kwa makusudi na vitu vingine kwa kiasi kidogo mno, atomu moja kati ya mamilioni. Upande mmoja wa kipande huwekewa fosforasi, ambayo ina elektroni tano za nje. Nne hupata mwenzi, na ya tano hubaki ikizurura. Upande wa pili huwekewa boroni, yenye elektroni tatu tu, na hapo hubaki nafasi tupu zinazosubiri kujazwa.

Pale pande hizo mbili zinapokutana ndipo penye siri yote. Elektroni za ziada zilizo karibu na mpaka huvuka kutoka upande wa fosforasi na kujaza nafasi tupu za upande wa boroni. Kila inayovuka huacha nyuma chaji chanya na kupeleka chaji hasi ng'ambo, mpaka mpakani panajengeka uga wa umeme wenye nguvu ya kuzuia nyingine zisivuke. Uga huo haukomi na hauhitaji kuchajiwa. Umo ndani ya seli tangu inapotoka kiwandani, usiku na mchana.

Mwanga husafiri kwa vifurushi vidogo viitwavyo fotoni. Fotoni ikiingia ndani ya silikoni ikiwa na nishati ya kutosha, huing'oa elektroni kwenye kifungo chake na kuiacha huru, na pale ilipotoka hubaki nafasi tupu. Kama isingekuwa uga ule wa mpakani, elektroni ingezunguka kidogo kisha ikarudi kwenye nafasi yoyote iliyo wazi, na nishati yake ingeishia kuwa joto. Uga huo ni kama mteremko: elektroni iliyong'olewa huporomokea upande wa fosforasi, na nafasi tupu husogea upande wa boroni. Wala elektroni haiwezi kurudi ilikotoka kwa kuupanda mteremko huo. Njia rahisi iliyobaki ni kutoka nje kupitia nyuzi nyembamba za fedha zilizochorwa usoni pa seli, kupita kwenye waya, kuwasha taa au kuchaji simu, halafu kurejea kwa nyuma ya seli na kujaza nafasi iliyokuwa tupu. Hakuna kinacholiwa wala kuchakaa katika mzunguko huo, na ndiyo maana paneli iliyotengenezwa vizuri hupoteza kwa wastani nusu asilimia tu ya nguvu yake kwa mwaka na hupewa dhamana ya miaka 25.

Tabia hiyo ya mwanga kuzalisha umeme iligunduliwa mwaka 1839 na kijana wa Kifaransa wa miaka 19, Edmond Becquerel, aliyekuwa akifanya majaribio katika maabara ya baba yake. Maelezo ya fotoni yalitolewa na Albert Einstein mwaka 1905, na kwa kazi hiyo ndipo akapewa Tuzo ya Nobel, wala si kwa nadharia yake mashuhuri zaidi ya uhusianifu. Seli ya kwanza ya silikoni iliyofaa kwa matumizi ilionyeshwa na maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1954. Iliweza kugeuza asilimia 6 hivi ya mwanga kuwa umeme. Miaka minne baadaye seli za namna hiyo zilirushwa angani kwenye setilaiti ya Vanguard 1. Kwa muda mrefu bei iliziweka mbali na mwananchi. Kilichozifikisha vijijini ni kuporomoka kwa bei: kati ya mwaka 2010 na 2020 peke yake, bei ya paneli duniani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Paneli nzuri za leo hugeuza asilimia 20 hadi 23 ya mwanga. Wanunuzi wengine huona kiwango hicho ni kidogo na kuhisi wanapunjwa, lakini kikomo chenyewe kimewekwa na maumbile. Fotoni za mwanga usioonekana ulio mbali chini ya mwekundu hazina nishati ya kuing'oa elektroni ya silikoni. Zinapita bure au zinageuka joto, na hizo hubeba takriban sehemu moja ya tano ya nishati ya jua. Fotoni za buluu nazo zina nishati kupita inayohitajika, na ziada yake hupotea kuwa joto papo hapo. Mwaka 1961 William Shockley na Hans Queisser walikokotoa kwamba seli ya aina moja ya nusu-kipitishi haiwezi kuvuka theluthi moja hivi. Kwa hiyo paneli yenye asilimia 22 imekwisha kufika mbali katika safari inayowezekana.

Seli moja hutoa karibu nusu volti tu, iwe kubwa au ndogo. Ukubwa wake huongeza ampea, hauongezi volti. Ili kupata volti za kuchaji betri ya volti 12, seli 36 huungwa mfululizo, chanya kwa hasi, na jumla yake ikiwa kazini huwa volti 18 hivi. Paneli kubwa za siku hizi huwa na seli 60, 72 au zaidi. Seli hizo hulazwa kati ya karatasi mbili za plastiki inayozuia maji, hufunikwa kioo kigumu mbele, na kuzungushiwa fremu ya alumini. Nyuma kuna kisanduku kidogo cheusi chenye waya mbili na diodi ambazo umuhimu wake unaonekana pale kivuli kinapoingia.

Watengenezaji wote hupima paneli katika hali moja: mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, na seli zenyewe zikiwa na nyuzi joto 25. Wati zilizoandikwa kwenye lebo ni za hali hiyo. Juu ya paa mambo ni tofauti, kwa sababu seli iliyo juani huwa na joto kuliko hewa inayoizunguka kwa nyuzi 25 hadi 30. Kila nyuzi moja inayozidi 25 huipunguzia paneli ya kawaida asilimia 0.35 hadi 0.4 ya nguvu. Mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 32 huweza kuzifikisha seli nyuzi 60, na hapo paneli imekwisha kupoteza asilimia 12 hadi 14. Mchana wa Njombe wenye nyuzi 18, chini ya jua hilo hilo, seli hufika nyuzi 45 hivi, na hasara hushuka hadi asilimia 7 au 8. Paneli ile ile basi, chini ya jua lile lile, hutoa umeme mwingi zaidi Njombe kuliko pwani.

Mwinuko nao unasaidia. Katika kimo cha Njombe, shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, maana yake hewa iliyo juu ya paa ni chache na mwanga unaonyonywa au kutawanywa njiani ni mdogo. Siku ya mawingu yaliyotawanyika, wingu linapofunua jua ghafla na paneli ikiwa bado imepoa, mafundi huweza kuona mita ikisoma juu ya wati za lebo kwa dakika chache. Upepo wa Makambako ni neema nyingine. Eneo hilo lilipimwa kwa ajili ya umeme wa upepo na kukutwa na kasi ya wastani inayokaribia mita 9 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 30. Upepo huo huo unapita chini ya paneli na kuipooza, mradi pameachwa nafasi ya upana wa kiganja kati ya paneli na bati. Lakini upepo unaopooza unaweza pia kung'oa. Paneli ya Makambako hufungwa kwenye mbao za kenchi kwa boliti, na kuigongelea kwenye bati tupu ni kuialika dhoruba.

Kinachopunguza umeme Njombe, kwa hiyo, ni mawingu. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na chini ya wingu zito paneli huweza kutoa sehemu moja tu ya kumi hadi robo ya uwezo wake. Upande wa Lupembe na mashamba ya chai hupata ukungu na manyunyu hata katika miezi ya kipupwe. Mfumo unaopangwa kwa kuangalia jua la Septemba utamwacha mwenyewe gizani Januari. Fundi makini hupiga hesabu kwa mwezi mbaya, na kwa nyanda hizi ni busara kuchukulia saa nne tu za jua kamili kwa siku.

Njombe na Makambako ziko nyuzi 9 hivi kusini mwa Ikweta. Jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Kati ya vipindi hivyo, kwa muda mrefu wa mwaka, huwa upande wa kaskazini, na Juni huinama mpaka nyuzi 57 tu juu ya upeo wa macho. Paneli basi huelekezwa kaskazini na kuinamishwa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo mdogo una faida ya pili ambayo wengi huisahau: mvua huisafisha. Paneli iliyolazwa bapa hukusanya vumbi la barabarani, majivu ya jikoni na chavua ya miti ya paini, na tabaka hilo hukaa hapo kiangazi chote. Kitambaa laini na maji safi asubuhi, kioo kikiwa bado baridi, hurudisha nguvu iliyopotea.

Kivuli kinahitaji kuangaliwa kwa umakini zaidi, maana mkoa huu ni wa miti. Kwa kuwa seli zimeungwa mfululizo, mkondo wa paneli nzima hubanwa na seli iliyo dhaifu kuliko zote. Kivuli cha tawi moja la mlingoti kikifunika seli moja, seli hiyo huacha kuzalisha na kugeuka kizuizi. Umeme wa zile nyingine hulazimishwa kupita ndani yake na kuichemsha mpaka inaweza kuungua. Diodi zilizo katika kisanduku cha nyuma huupa mkondo njia ya kukwepa, ila gharama yake ni kupoteza kundi zima la seli, mara nyingi theluthi moja ya paneli. Mlingoti uliopandwa leo futi chache kutoka nyumbani utakuwa tatizo ndani ya miaka michache, na mwenye nyumba afadhali auwaze kabla ya kumwita fundi.

Umeme unaotoka kwenye paneli ni mkondo mnyoofu, ule mafundi wanaouita DC: unaenda upande mmoja tu. Volti zake hupanda na kushuka kwa kufuata jua, na betri iliyofungwa moja kwa moja kwenye paneli ingechajiwa kupita kiasi na kufa mapema. Kati ya paneli na betri huwekwa kontrola. Ile ya bei nafuu, PWM, huunganisha na kukata paneli haraka haraka kadiri betri inavyojaa, lakini huilazimisha paneli kufanya kazi kwa volti za betri, na volti zinazozidi hapo hazileti faida. Ile ya MPPT hutafuta muda wote mahali ambapo volti mara ampea hutoa wati nyingi zaidi, kisha hubadili volti za ziada kuwa ampea. Tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa zaidi penye baridi, kwa sababu seli iliyopoa hutoa volti nyingi kuliko iliyochemka.

Baridi hiyo hiyo inadai tahadhari ambayo vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa kwa nchi za joto huitaja kwa mbali. Tuseme paneli tatu kubwa, kila moja ikiwa na volti 49 pasipo mzigo, zimeungwa mfululizo kwenye kontrola inayostahimili volti 150. Kwa hesabu ya lebo ni volti 147, na mfumo unaonekana salama. Asubuhi ya Julai, seli zikiwa na nyuzi 5 na jua likichomoza kwenye anga safi, volti hupanda kwa asilimia 5 au 6 na kufika 155. Kontrola inaweza kuungua siku hiyo, na mwenye nyumba atasema alipewa kifaa kibovu. Kwa Njombe, Makete na Makambako, hesabu ya volti ifanyike kwa asubuhi ya baridi kali kuliko zote za mwaka.

Betri ndiyo sehemu ghali na dhaifu ya mfumo. Paneli itadumu robo karne, lakini betri ya risasi ikitumiwa vibaya haimalizi miaka miwili. Betri ya gari imetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache na kujazwa tena mara moja. Ikinyonywa usiku kucha, sahani zake huharibika. Betri za risasi za sola zina sahani nene, lakini nazo hazipendi kushushwa chini ya nusu. Betri za lithiamu zenye fosfati ya chuma huvumilia kushushwa kwa asilimia 80 au zaidi, tena kwa maelfu ya mizunguko, na bei yao kubwa dukani hurudi polepole kwa kudumu. Kuhusu baridi, betri ya risasi hutoa akiba pungufu kidogo nyuzi zikishuka, ila huishi muda mrefu kuliko ndugu yake wa nchi ya joto. Ya lithiamu haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri. Ndani ya nyumba ya Njombe mjini hilo si tatizo, lakini kwenye nyanda za juu za Kitulo, ambako umande huganda, betri isiwekwe kwenye kibanda cha nje.

Taa za LED, redio, chaja za simu na televisheni ndogo za sola hutumia DC moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kampuni zilizoanza kuuza mifumo ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, kama Off-Grid Electric iliyoanzia Arusha mwaka 2012, zilijengwa juu ya ukweli huo: taa ya wati chache inayotoa mwanga kuliko koroboi tano iliwezesha paneli ndogo kuitosheleza nyumba. Vifaa vya kawaida vya dukani, hata hivyo, vimetengenezwa kwa umeme wa shirika la TANESCO, yaani mkondo geu wa volti 230 unaogeuza mwelekeo wake mara 100 kwa sekunde. Inveta ndiyo inayofanya ugeuzaji huo kwa transista zinazowaka na kuzimika maelfu ya mara kwa sekunde, zikichonga volti mpaka zifanane na wimbi. Inveta za bei ya chini hutoa wimbi la pembe pembe. Taa italivumilia, lakini mota ya friji italia na kuchemka. Tena mota inapoanza kuzunguka huvuta nguvu mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida, hivyo friji ya wati 100 yaweza kuizima inveta ya wati 300.

Waya nao hula umeme. Mzigo wa wati 150 kwenye volti 12 huvuta ampea 12 na nusu. Kwenye volti 230 huvuta chini ya ampea moja. Hasara katika waya hukua kwa mraba wa ampea, na kwa sababu hiyo mfumo wa volti 12 unataka waya nene na fupi. Nyaya nyembamba za spika zinazoonekana zikivutwa kutoka paa hadi chumba cha mwisho zinapoteza umeme uliolipiwa, na kwenye mkondo mkubwa zinaweza kuanzisha moto. Fyuzi karibu na betri ni kitu cha bei ndogo chenye thamani kubwa, na nondo ya kupeleka radi ardhini haiepukiki katika nyanda zenye ngurumo kama hizi.

Hesabu ya nyumba si ngumu. Chukua taa nne za wati 7 kwa saa tano, televisheni ya wati 40 kwa saa nne, redio ya wati 10 kwa saa tano, na simu tatu. Jumla ni wati-saa 395 hivi kwa siku. Kwa kuwa asilimia 30 hivi hupotea katika joto, waya, betri na inveta, paneli inapaswa kuzalisha wati-saa 560. Ukigawa kwa saa nne za jua unapata paneli ya wati 140. Dukani utachukua ya 150. Kwa akiba ya siku mbili za mawingu, betri ya risasi inahitaji kuwa na ampea-saa 130 hivi kwa volti 12, na ya lithiamu ampea-saa 80 zitatosha. Sasa ongeza pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa: hiyo peke yake ni wati-saa 500, zaidi ya vyote vilivyotangulia. Jagi la umeme na hita ni vivyo hivyo. Katika mkoa unaotamani maji ya moto kuliko mikoa mingi ya nchi, njia nafuu ni mabomba meusi ya paani yanayopashwa moja kwa moja na jua. Hayo hayatoi umeme kabisa na yasichanganywe na paneli, lakini hunasa sehemu kubwa zaidi ya nishati ya jua kwa sababu kazi yao ni joto tu.

Gridi imesogea karibu. Njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, yenye urefu wa kilomita 250 hivi na iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, ilikamilika mwaka 2018, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umeendelea kufikisha nguzo vijijini. Kwa nyumba iliyo chini ya nguzo, LUKU ndiyo njia rahisi ya kupiga pasi na kuendesha mashine ya kusaga, na sola hubaki kuwa akiba ya umeme unapokatika. Wanaofunga inveta za kushirikiana na gridi wajue jambo moja: TANESCO ikikatika, inveta ya aina hiyo isiyo na betri nayo huzima, hata jua likiwa kali. Imetengenezwa hivyo ili isirushe umeme kwenye nyaya ambazo fundi wa shirika anazishika akijua hazina moto. Kwa shamba la parachichi au nyumba iliyo kilomita kadhaa kutoka kwenye nguzo ya mwisho, sola haina mpinzani wa bei.

Lililobaki ni udanganyifu wa madukani, na kipimo cha kuugundua kinaweza kufanywa kwa futi kamba tu. Mita moja ya mraba ya paneli bora ya sasa hutoa wati 200 hadi 230. Pima urefu na upana, zidisha, kisha zidisha tena kwa 230. Paneli ya sentimita 100 kwa 67 haiwezi kuvuka wati 155, hata lebo ikiandikwa 300. Pamoja na nembo ya Shirika la Viwango, TBS, na risiti yenye dhamana, hesabu hiyo ya dakika moja huokoa fedha nyingi. Betri ya risasi iliyokufa isipasuliwe uani wala tindikali yake isimwagwe karibu na kisima au bustani ya viazi, kwa sababu risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Irudishwe kwa muuzaji wa betri, na mnunuzi amuulize kabla ya kulipa kama yuko tayari kuipokea.